Unga wa Kabla ya Mazoezi: Majibu kwa Barua Zenu

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: ule unga wa kukoroga kwenye maji, unaonywewa nusu saa au zaidi kabla ya kuinua vyuma, hasa wa aina kali, umebeba nini na unaufanya nini mwili. Tutajibu kwa miligramu na gramu, kwa sababu kumwambia mtu "usizidishe" bila kumtajia namba hakumsaidii chochote.

SWALI: Nina kilo 58. Nimeanza unga mpya, kijiko kimoja cha kopo kama lebo inavyoelekeza, na muda mfupi kabla yake nilikunywa kahawa kikombe kimoja. Baada ya dakika 40 mikono ilitetemeka, moyo ukaenda mbio, na seti ya pili ikanishinda. Lebo inasema hivi kwa kila kijiko: kafeini anhidrasi miligramu 300, dikafeini malati miligramu 67, dondoo la guarana miligramu 200 lenye kafeini asilimia 22. Mimi nimezoea kahawa, kwa hiyo 300 si nyingi kwangu. Je, unga huu ni feki?
*Msomaji wa kilo 58*

JIBU: Si lazima uwe feki. Lebo yako yenyewe inaeleza kilichokupata, ila imekieleza vipande vipande, na watengenezaji wengi hufanya hivyo. Tuviunganishe.

Kafeini anhidrasi ni kafeini kavu iliyoondolewa maji, hivyo 300 ni 300. Dikafeini malati ni kafeini iliyofungamanishwa na asidi ya maliki, na takribani robo tatu ya uzito wake ndiyo kafeini: 67 inakupa kama 50. Guarana ni mbegu yenye kafeini ya asili, na asilimia 22 ya 200 ni 44. Jumla ni miligramu 394. Kahawa kikombe kimoja huwa na kati ya 80 na 100, kwa hiyo uliingia kwenye mazoezi na karibu miligramu 480 mwilini, wakati hesabu yako ilisimama kwenye 300.

Sasa zigawe kwa uzito wako. Kiwango kilichofanyiwa utafiti sana kwa wanamichezo ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo, kama saa moja kabla ya mazoezi. Kwa kilo 58, hiyo ni 174 hadi 348. Wewe ulifika zaidi ya 8 kwa kilo. Mtu wa kilo 100 anayekula kijiko hicho hicho bila kahawa yuko chini kidogo ya 4, na huyo ndiye atakayekuambia unga ni mwepesi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, EFSA, ilieleza mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya hana sababu ya wasiwasi kwa miligramu 200 kwa mkupuo mmoja na 400 kwa siku nzima. Kijiko chako kimoja, bila kahawa, kinakaribia kumaliza posho ya siku.

Usidhani pia kwamba kafeini inakupa nguvu. Siku nzima ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyojaa kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli inakonasa, ndivyo unavyohisi uchovu. Kafeini hukaa kwenye vipokezi hivyo bila kuvigusa kikazi, adenosini ikakosa pa kukaa. Uchovu upo palepale ila huusikii, na mwili humwaga adrenalini zaidi. Hapo ndipo mikono hutetemeka. Ukiongeza dozi baada ya hapo, nguvu haiongezeki. Kinachoongezeka ni kutetemeka, na mkono unaotetemeka haufai chini ya chuma kizito.

Rudi chini. Siku ya kwanza tumia robo ya kijiko, karibu miligramu 100, bila kahawa. Ukiwa shwari, siku nyingine ya mazoezi nenda nusu, yaani 197, ambayo kwako ni 3.4 kwa kilo. Kwa watu wengi safari inaishia hapo.

Nusu hiyo usiikadirie kwa macho. Kijiko cha kopo hupima ujazo, ilhali lebo inahesabu uzito, na unga ulioshindiliwa unaweza kuzidi uzito ulioandikwa bila wewe kujua. Tafuta mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Weka kikombe kikavu juu yake, rudisha namba kwenye sifuri, kisha mimina. Kama lebo inasema kijiko ni gramu 12.4, nusu ni 6.2. Na kabla ya kufungua, lipindue kopo taratibu mara kadhaa. Chembe za viambato hazilingani ukubwa, na kopo likikaa au likisafirishwa zile ndogo huteremka chini. Mtu anayechota juu juu tu mwezi mzima anaweza kukutana na dozi kali zaidi sehemu ya mwisho ya kopo, akashangaa kwa nini unga ule ule umembadilikia.

SWALI: Kila nikinywa, uso, masikio na viganja vinachonyota kama vimepitiwa na siafu. Rafiki zangu wanasema hiyo ndiyo dalili unga unafanya kazi. Mimi naogopa ni mzio.
*Mwenye masikio ya moto*

JIBU: Huyo ni beta-alanini, asidi amino inayowekwa kwenye unga mwingi wa aina hii, na kuchonyota kwake hakuna madhara. Dozi moja ikizidi takribani miligramu 800, huamsha neva za ngozi, hasa za uso, shingo na mikono. Huanza baada ya robo saa hivi na kuisha ndani ya saa moja au moja na nusu.

Rafiki zako wamekosea. Beta-alanini haifanyi kazi siku unayoinywa. Ndani ya misuli huungana na histidini, asidi amino nyingine, kutengeneza kanosini, ambayo hupunguza makali ya asidi inayojaa unapofanya kazi nzito mfululizo kwa dakika 1 hadi 4. Akiba hiyo hujengwa kwa gramu 3.2 hadi 6.4 kila siku kwa wiki 4 au zaidi, na haijali umeinywa asubuhi au usiku, siku ya mazoezi au ya mapumziko. Anayeinywa mara mbili kwa wiki kwa sababu ndizo siku zake za jimu anapata mchonyoto tu. Inawekwa kwenye unga huu kwa sehemu kubwa kwa sababu mnunuzi akihisi kitu kwenye ngozi huamini amenunua kitu.

Ukiihitaji kweli, inunue peke yake, uigawe vipande vya miligramu 800 mara 4 kwa siku pamoja na chakula. Mchonyoto utapotea au utapungua sana.

Kama kinachokupata ni joto na wekundu wa ngozi kuanzia usoni hadi kifuani, angalia niasini, yaani vitamini B3 ya aina ya asidi ya nikotini. Miligramu 30 hadi 50 tu zinatosha kuleta hali hiyo, nayo hupita. Mzio una sura nyingine: vipele vilivyoinuka, midomo au ulimi kuvimba, koo kubana, pumzi kukata. Hapo hakuna kusubiri, nenda hospitali.

SWALI: Lebo ya kopo langu inataja "mchanganyiko maalumu, gramu 8", halafu majina: sitrulini malati, beta-alanini, taurini, kafeini, na mengine matano. Hakuna namba mbele ya jina lolote. Nawezaje kujua kafeini ni kiasi gani?
*Msoma lebo*

JIBU: Huwezi. Unachoweza ni kupata ukomo wake, na ukomo huo unatisha.

Kwa kawaida viambato hupangwa kwa uzito, kizito zaidi kikiwa mwanzo. Kafeini ni ya nne, maana yake mbele yake kuna vitu vitatu visivyopungua uzito wake. Kihesabu, kitu cha nne katika gramu 8 kinaweza kufika hadi gramu 2, ambazo ni miligramu 2,000. Hatusemi kopo lako lina kiasi hicho. Tunasema lebo hiyo haikatazi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inaeleza kwamba madhara mazito kama degedege yanaweza kutokea mtu akimeza takribani miligramu 1,200 kwa haraka. Lebo inayoacha mwanya mpana kuliko hapo haistahili imani yako.

Hesabu hiyo hiyo inafichua jambo lingine. Dozi yenye maana ya sitrulini malati ni gramu 6 hadi 8, ya beta-alanini ni 3.2. Ukizijumlisha, hata kwa kiwango cha chini, unapata 9.2, na mchanganyiko mzima ni gramu 8 zenye viambato tisa. Kwa hiyo angalau kimoja kati ya hivyo viwili kimewekwa kidogo mno. Chenye uwezo wa kukupa hisia kwa miligramu chache ni kafeini, nacho ni cha bei rahisi. Nunua unga unaoandika namba mbele ya kila jina, au usinunue.

SWALI: Kuna mtu jimu anauza makopo anayosema ni "ya zamani, kabla hayajaharibiwa". Lebo inataja dondoo la geranium. Wanaotumia wanasema huwezi kulinganisha na ya sasa. Mimi nashiriki mashindano ya mbio za ngazi ya mkoa.
*Mkimbiaji*

JIBU: Ndugu, acha kopo hilo lilipo. Jina la ua hapo linaficha DMAA, kichangamsho cha kutengenezwa.

DMAA ilianza kama dawa ya kuzibua pua, ikauzwa na kampuni ya Eli Lilly miaka ya 1940, na idhini yake ikafutwa Marekani mwaka 1983. Katikati ya miaka ya 2000 ikarudi ikiwa imevaa nguo za kirutubisho, kwa madai kwamba inatoka kwenye geranium. FDA haikukubali madai hayo na mwaka 2012 ikawaandikia watengenezaji barua za onyo. Mwaka mmoja kabla, jeshi la Marekani lilikuwa limeziondoa bidhaa zenye DMAA kwenye maduka yake baada ya askari wawili kufariki wakiwa mazoezini. Mwaka 2012 huo huo mwanamke aliyekuwa akikimbia London Marathon alianguka akikaribia mwisho, akafariki. Mchunguzi wa vifo alisema DMAA aliyoinywa ilichangia.

Inavyoua si fumbo. DMAA hubana mishipa ya damu na kupandisha presha. Weka kafeini juu yake, kisha mazoezi mazito, kisha joto: moyo unasukuma kwa nguvu dhidi ya mabomba yaliyobanwa, na damu inayopaswa kupeleka joto kwenye ngozi inazuiwa njiani. Wanaosifia makopo hayo wanaelezea hali hii hii kwa lugha ya furaha.

Kwenye lebo itafute kwa majina haya: 1,3-dimethylamylamine, methylhexanamine, Pelargonium graveolens. Ilipobanwa, ndugu yake DMHA akaingia sokoni kwa majina ya octodrine, 2-aminoisoheptane, na dondoo la Juglans regia, mti wa jozi. Watengenezaji wa huyu nao FDA iliwaandikia barua mwaka 2019. Acacia rigidula ni jina jingine la kukimbia, kwa sababu mwaka 2015 FDA ilichukua hatua dhidi ya bidhaa zilizotumia mti huo kama kivuli cha BMPEA, kemikali jamii ya amfetamini. Efedra, mmea wenye kichangamsho uliokuwa mfalme wa aina hii kabla yao, ulipigwa marufuku katika virutubisho Marekani mwaka 2004.

Kwa upande wa mashindano, DMAA imo tangu 2010 kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, na oktodrini (DMHA) imetajwa humo pia. Higenamini, kichangamsho kingine kinachopenda kujificha kwenye unga wa "kuchoma mafuta", ni marufuku muda wote, ndani na nje ya mashindano. Kafeini iliondolewa kwenye orodha mwaka 2004 na sasa inafuatiliwa tu, sawa na sinefrini, kichangamsho cha chungwa chungu. Sheria za dawa za kusisimua misuli hazisikilizi utetezi wa "sikujua kilikuwamo". Kilichopatikana kwenye mkojo wako ni chako. Kama lazima utumie kirutubisho, chagua chenye alama ya wapimaji huru, Informed Sport au NSF Certified for Sport, kisha ingiza namba ya toleo iliyo kwenye kopo katika tovuti ya mwenye alama. Alama iliyochapwa peke yake inaweza kuigwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa.

SWALI: Nilibadilisha unga nikachukua wa kupunguza mafuta. Kafeini ni ile ile miligramu 200 niliyozoea bila shida. Lakini huu unanipa jasho baridi, hofu isiyo na sababu, na nywele za mikono kusimama. Nini kimebadilika?
*Mwenye hofu ya ghafla*

JIBU: Tunakisia kwa uhakika mkubwa: yohimbini. Rudi kwenye lebo, itakuwapo kwa jina hilo, au kama gome la yohimbe, au kama rauwolscine, ambayo wengine huiita alfa-yohimbini.

Yohimbe ni mti wa misitu ya Kamerun, Gaboni na jirani zao. Mwilini kuna breki inayozuia neva zisimwage noradrenalini (kemikali ya kuamsha mwili, ndugu wa adrenalini) kupita kiasi, na yohimbini huilegeza breki hiyo. Kafeini inakanyaga mafuta wakati huo huo, ndiyo maana 200 uliyoizoea imegeuka kitu kingine. Hofu unayoihisi haitokani na udhaifu wako. Watafiti hutumia yohimbini maabara kwa makusudi, ili kuamsha wasiwasi na kuuchunguza.

Dozi zake ni ndogo, miligramu 2.5 hadi 10, kwa hiyo kosa dogo kiwandani linakuwa kosa kubwa mwilini. Uchunguzi wa bidhaa 49 za Marekani uliochapishwa 2015 ulikuta kuanzia hakuna kabisa hadi miligramu 12.1 kwa dozi moja, na lebo nyingi hazikutaja kiasi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku gome la yohimbe kwenye vyakula mwaka 2019. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, wasiwasi wa mara kwa mara, au anayetumia dawa za sonona asiiguse. Nawe iache. Mchango wake katika kupunguza mafuta ni mdogo mno ukilinganisha na anachokula mtu.

SWALI: Kazi yangu hainiachii nafasi mpaka jioni. Nakunywa unga saa 11:30 jioni, kafeini miligramu 320, nalala saa 4:30 usiku. Usingizi unakuja kwa tabu na naamka nimechoka, kwa hiyo kesho yake naongeza. Natumia vidonge vya uzazi wa mpango kama hilo lina maana.
*Dada wa jioni*

JIBU: Dada, lina maana kubwa, na wachache hulitaja.

Kwa mtu mzima wa kawaida nusu ya kafeini huondoka kila baada ya muda wa saa 5 hivi. Wewe ukinywa 320 saa 11:30 jioni, saa 4:30 usiku unapozima taa bado una 160. Saa 9:30 usiku una 80, yaani kahawa kikombe kizima kinazunguka kwenye damu ukiwa umefumba macho. Hiyo ni bila vidonge. Vidonge vyenye estrojeni huchelewesha ini kuivunja kafeini, na muda huo unaweza kufika karibu mara mbili. Kwa hesabu hiyo unalala na zaidi ya miligramu 220, na saa 9:30 usiku bado una 160. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 zilizomezwa saa 6 kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja, na wengi wa waliopimwa hawakutambua wenyewe kiasi walichopoteza.

Kupunguza dozi kidogo hakutakutosha. Kafeini yako ya mwisho iwe mchana, saa 8 kwa kuchelewa sana. Jioni tumia mchanganyiko usio na vichangamsho, ambao unaweza kuuandaa mwenyewe: sitrulini gramu 6, betaini gramu 2.5, maji mililita 400, dakika 40 hadi 60 kabla. Ukikuta sitrulini malati ya uwiano wa 2 kwa 1, pima gramu 8, ambazo ndani yake kuna sitrulini gramu 5 na ushee. Usiinunue arjinini badala yake. Utumbo na ini huivunja sehemu kubwa kabla haijafika popote, wakati sitrulini hupita salama, ikageuzwa arjinini kwenye figo, na hiyo ndiyo hutengeneza nitriki oksaidi inayotanua mishipa. Utahisi misuli imejaa. Faida kwenye idadi ya marudio ipo lakini ni ndogo.

Ongeza kreatini, kirutubisho cha nguvu za misuli, gramu 3 hadi 5 kila siku, saa yoyote. Katika kila kinachowekwa kwenye makopo haya, kreatini na kafeini ndivyo vyenye ushahidi mzito zaidi, na kreatini haikunyimi usingizi.

Ukipata ujauzito, ukomo ni miligramu 200 za kafeini kwa siku kutoka vyanzo vyote, na unga wa aina hii uachwe kabisa.

SWALI: Vijana wanautia unga mkavu mdomoni, halafu wanasukumizia kwa funda la maji. Wanadai unapanda haraka.
*Mwalimu wa mazoezi*

JIBU: Wakataze. Unga mkavu ukivutwa na pumzi huingia kwenye njia ya hewa na mapafu, na mtu hupaliwa vibaya. Kafeini nayo inafika tumboni kwa mkupuo mmoja. Koroga kwenye mililita 300 hadi 400 na unywe taratibu kwa dakika 10. Maji hayo pia hupunguza kuharisha, kwa sababu suluhisho zito huvuta maji kuelekea kwenye utumbo, na kafeini yenyewe huuhimiza utumbo mpana.

SWALI: Mwezi wa nane huu. Nilianza na kijiko kimoja cha kafeini 300, sasa natumia viwili na sihisi kitu. Nikiruka siku moja kichwa kinauma kama kinapasuka. Nifikirie cha tatu au nibadili aina?
*Wa vijiko viwili*

JIBU: Wala cha tatu, wala aina nyingine. Mwili wako umejibu kafeini ya kila siku kwa kuongeza vipokezi vya adenosini. Miligramu 600 unazokunywa sasa zinakurudisha tu pale ambapo wengine huamkia bila kunywa chochote. Kichwa kinauma kwa sababu kafeini hubana mishipa ya kichwani, na ikikosekana mishipa hiyo hutanuka. Maumivu huanza saa 12 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, hufika kileleni siku ya kwanza au ya pili, na yanaweza kuendelea hadi siku 9.

Ukikata ghafla utaumia bila sababu. Shuka kwa miligramu 100 kila baada ya siku 3 au 4: 600, 500, 400, 300, 200, 100, kisha basi. Ni kama wiki 3. Kwa mizani: kama kijiko chako ni gramu 12 chenye 300, kila miligramu 100 ni gramu 4. Siku 3 za kwanza pima gramu 20 badala ya 24, kisha 16, uendelee hivyo hivyo. Igawe asubuhi na mchana, usiimeze yote kwa pamoja. Jihadhari na vidonge vya maumivu ya kichwa, maana baadhi huchanganywa na kafeini, kwa kawaida miligramu 65 kwa kidonge, na unaweza kukirudisha kwa mlango wa nyuma kile unachokitoa.

Kosa tunaloliona sana katika hatua hii ni kuhamishia kafeini kwenye vinywaji vya kuongeza nguvu na kusema umeacha unga. Andika kila chanzo kwa siku hizo 20.

Kaa wiki 2 bila kitu. Mazoezi ya wiki ya kwanza yatakuwa mazito, punguza uzito wa chuma kwa sehemu ya kumi na usihangaike. Ukirudi, rudi na miligramu 3 kwa kilo, siku 2 kwa wiki tu, zile za kazi ngumu zaidi.

SWALI: Natumia vidonge vya presha. Mwalimu anasema nusu kijiko hakina neno.
*Mzee wa asubuhi*

JIBU: Kina neno, mzee wetu. Kafeini hupandisha presha kwa saa kadhaa, sinefrini na yohimbini huongezea, na kuinua uzito huku umebana pumzi huirusha juu zaidi katika sekunde hizo. Usitumie unga wenye vichangamsho hata robo kijiko. Kreatini unaweza kuizungumza na daktari wako, ukimkumbusha kwamba hupandisha kipimo cha kreatinini (taka inayopimwa kuangalia figo) kwenye damu hata figo zikiwa nzima, asije akadhani zimeharibika. Sitrulini huteremsha presha kidogo, kwa hiyo naye aijue, hasa kama unatumia pia dawa ya nguvu za kiume kama sildenafili.

Tuwaambie na wengine, kwa kuwa barua nyingine zimegusa dawa. Siprofloksasini (antibiotiki) na fluvoksamini (dawa ya sonona) huzuia ini lisivunje kafeini, dozi ndogo ikawa kubwa. Dawa za mafua zenye sudoefedrini zina kichangamsho tayari. Kahawa au unga huu ukinywewa pamoja na levothyroksini, dawa ya tezi ya shingo, hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Wanaotumia dawa za sonona za jamii ya vizuizi vya MAO wasiguse kopo lolote lenye hordenini, tiramini au fenethilamini, kwani presha inaweza kulipuka.

Maumivu ya kifua, moyo kuruka mapigo, kuzimia, kuchanganyikiwa, kutapika kusikoisha au degedege baada ya kunywa: simamisha kila kitu, mpelekeni hospitali mara moja, na mchukue kopo lenyewe mkononi. Daktari akisoma lebo hapohapo anajua anapambana na nini.

SWALI: Unga umeganda kama jiwe. Niutupe?
*Mwenye kopo gumu*

JIBU: Kuganda peke yake si kuharibika. Sitrulini malati na betaini hunyonya unyevu wa hewani, hasa kopo likiachwa wazi bafuni au kwenye mfuko wenye taulo bichi. Kama rangi na harufu ni zile zile na tarehe haijapita, uponde wote uwe laini, uuchanganye vizuri, kisha upime kwa mizani. Usivunje bonge na kulitupia kwenye maji, kwa maana hujui kafeini imekusanyika upande gani wa bonge hilo. Ukiwa umelowa, umebadilika rangi au una madoa ya ukungu, utupe. Kopo lijalo, acha ndani kile kifuko kidogo cha kukausha unyevu, na uchote kwa kijiko kikavu.